Wiski na Adabu ya Kuionja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Nimetakiwa ninene juu ya wiski: jinsi ulimi unavyojifunza kuipenda, na njia za kuinywa. Najua ya kuwa wengi wenu hawagusi kileo, ama kwa amri ya dini, ama kwa hiari yao. Hao siwavuti waiache njia yao, wala wale wanywao siwahubirii. Haja yangu ni moja tu: jambo likiwa linatendeka kati yetu, afadhali litendeke kwa maarifa kuliko kwa kuigiza.

Tukumbuke kwanza mambo ya nyuma. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulitia mipaka na ushuru juu ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa St. Germain wa mwaka 1919 ukaongeza makatazo. Katika Tanganyika na Kenya sheria za wakoloni zilimruhusu Mzungu kununua wiski, zikamkataza Mwafrika, hata zilipolegezwa katika miaka ya 1950. Basi chupa ile ikawa alama ya cheo kabla haijawa kinywaji. Sheria imekwisha, lakini alama ingali imebaki. Mpaka leo yuko karani anayeagiza wiski asiyoipenda, kwa fedha asizo nazo, ili meza ya pili imwone. Huyo hanywi wiski. Anakunywa macho ya watu.

Sasa, wiski ni kitu gani? Ni nafaka iliyochachushwa, kisha ikakenekwa, kisha ikawekwa katika pipa. Jina lake latokana na maneno ya Kigaeli yenye maana ya "maji ya uzima." Katika daftari za hazina ya mfalme wa Scotland za mwaka 1494 imeandikwa habari ya kimea alichopewa mtawa John Cor ili atengeneze maji hayo. Tazameni, mabwana: habari hiyo ya kale tumehifadhiwa na karani wa hesabu!

Wiski ya kimea ya Scotland hufanywa kwa shayiri iliyoloweshwa ikachipua, ikakaushwa, ikasagwa, ikatiwa maji ya moto, kisha hamira. Pombe ipatikanayo huchemshwa katika mitungi mikubwa ya shaba, kwa desturi mara mbili, na mvuke wake hupozwa uwe maji. Kwa sheria yao lazima ikae ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni si chini ya miaka 3, na nguvu yake isipungue sehemu 40 katika 100. Rangi na utamu mwingi hutoka katika mti wa pipa. Ile ya kisiwa cha Islay mara nyingi hunuka moshi, kwa sababu shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo wa majani yaliyooza uchimbwao katika vinamasi. Wamarekani nao wana baboni, ambayo mahindi si chini ya sehemu 51 katika 100, na pipa lake huwa jipya lililochomwa ndani. Kwa hiyo ladha yake ni tamu zaidi.

Mtu aionjapo mara ya kwanza huona moto mtupu. Si ajabu. Mtoto akionja kahawa chungu ya pwani huitema. Akiwa mtu mzima huinywa kidogo kidogo pamoja na kashata, akatambua uzuri wake. Ulimi hufundishwa, lakini haufundishwi kwa kugugumia.

Njia ni hii. Chukua bilauri yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Tia kipimo kidogo, mililita 25. Inusishe kwa mbali, kinywa kikiwa wazi kidogo, upate kutambua harufu ya asali, matunda, au moshi. Kisha onja tone, ulizungushe ulimini, umeze polepole. Baadaye ongeza maji machache, uonje tena. Wengine hudhani ya kuwa maji ni haya ya mnywaji mchanga, sivyo. Mwaka 1937 au leo, mwonjaji wa kazi huitia maji ili harufu ifunguke. Na mwaka 2017 wataalamu wawili wa Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta ya kuwa maji husaidia chembe za harufu kupanda juu. Barafu hupunguza moto, lakini hufisha harufu pia. Wajapani huichanganya na soda nyingi, wakainywa pamoja na chakula; katika nchi zetu za joto hiyo si njia mbaya. Aitakaye na tangawizi naye hana kosa.

Sasa hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Kipimo cha mililita 25 chenye nguvu ya 40 kina mililita 10 za kileo safi. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya 5 ina mililita 25. Watu watatu wakimaliza chupa ya mililita 750 kwa usiku mmoja, kila mtu amekunywa vipimo 10, sawa na bia 4. Nayo imeingia kwa haraka zaidi. Ini huhitaji kadiri ya saa moja kwa kipimo kimoja, wala kahawa haiharakishi kazi hiyo. Tena Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 ya kuwa hakuna kadiri ya kileo isiyo na hatari kwa afya. Na chupa rahisi ya uchochoroni yaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua.

Kwa hiyo naomba chama kifikiri mambo mawili. La kwanza, fedha za ada na akiba zisinunue pombe kali katika karamu zetu. Atakaye anunue kwa mshahara wake, baada ya karo na kodi ya nyumba. La pili, chai na maji ya matunda yawekwe mezani kwa heshima ile ile, na mtu asiulizwe kwa nini hanywi. Zamani wengine walituamulia tusinywe. Tusikubali leo wengine watuamulie tunywe.