Amri ya Miaka Mitatu: Haki za Mzazi Mbele ya Mahakama



Nimekuwa nikiulizwa: serikali yaweza kuninyang'anya mwanangu? Yaweza, ila si kwa neno la mtendaji wa kijiji, wala la jirani mwenye kinyongo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake mpaka mahakama iridhike kwamba kukaa nao kutamdhuru.

Tuchukue mfano. Mama anauza chai na chapati usiku kwa madereva wa malori wanaosubiri mizani hapa Vigwaza. Mwanawe wa miaka 6 hufungiwa ndani peke yake, na ameshaungua mara mbili kwa kibatari. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuiomba mahakama ya watoto amri ya uangalizi, mtoto abaki nyumbani huku akifuatiliwa. Anaweza pia kuomba amri ya matunzo, ambayo chini ya kifungu cha 18 huhamishia haki za mzazi kwa afisa mwenyewe. Yeye ndiye ataamua mtoto akae wapi: makao ya watoto, kwa mlezi wa kuaminika, au kwa ndugu. Amri hii haizidi miaka 3, na hukoma mapema zaidi mtoto akitimiza miaka 18. Binafsi, kwa mama huyu ningeanza na uangalizi. Anayetafuta riziki usiku si sawa na anayempiga mtoto kwa waya.

Haki za mzazi huzimwa moja kwa moja Mahakama Kuu, kwa amri ya kuasili. Kwa kawaida mzazi lazima aridhie, lakini jaji anaweza kuiacha ridhaa hiyo iwapo mzazi alimtelekeza mtoto, alimtesa mfululizo, au hapatikani.

Marekani wana kesi mahususi ya kufuta haki hizo. Sheria yao ya mwaka 1997 huyataka majimbo kwa kawaida kuifungua mtoto akishakaa malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22. Sisi hatuna saa ya namna hiyo, na sioni wivu.

Ninachokiogopa kwetu ni hilo neno "hapatikani" kwenye kuasili. Mama amehamia chumba cha kupanga Mlandizi, simu imepotea, nauli ya kwenda kumwona mtoto hana. Miaka 3 ikiisha, faili litasemaje?

Hapo ndipo ndugu wanapohitajika. Wazaramo na Wakwere wa huku walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti juu ya mpwa. Basi nawaomba wajomba na mashangazi: mkisikia shauri la mtoto wenu lipo mahakamani, nendeni mkajitambulishe kwa afisa ustawi kabla amri haijatolewa. Nanyi maafisa, andikeni kwenye ripoti nani atampeleka mtoto kwa mzazi wake, lini, na kwa nauli ya nani.