Kanisa la Miti na Udongo

Popote mnaponisikia, jikoni, kazini, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibuni tusafiri pamoja kidogo. Safari yenyewe ni fupi, siku tatu tu zatosha, lakini ni ya mbali. Twaenda Polandi, nchi iliyo mashariki ya Ujerumani.

Watu wa nchi hiyo si wageni kabisa kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, walipata kimbilio Afrika Mashariki. Wengine walikaa Masindi na Koja huko Uganda, wengine Tengeru karibu na Arusha, na makaburi yao yapo Tengeru hata leo. Basi, twende tukaone nchi waliyoililia.

Siku ya kwanza tushuke Warsaw, mji mkuu. Katika Mji wa Kale msafiri ataona uwanja wa soko, na nyumba ndefu nyembamba zilizopakwa rangi nzuri. Ukizitazama utadhani zimesimama hivyo kwa miaka mia nne. Lakini muulize mwenyeji, naye atakuambia kwamba karibu zote zilijengwa upya baada ya mwaka 1945.

Mnamo tarehe 1 Agosti 1944 watu wa Warsaw waliinuka kupigana na majeshi ya Hitler yaliyoutawala mji wao. Walipigana kwa siku 63, wakashindwa. Ndipo wenyeji wakafukuzwa, na adui akaanza kuchoma na kulipua majengo, nyumba kwa nyumba, hata Mji wa Kale ukawa chungu za vifusi. Si risasi za vita tu zilizoubomoa. Uliangamizwa kwa makusudi, ili usikumbukwe tena.

Watu waliporudi walikuta nini? Matofali yaliyovunjika na majivu. Lakini walikuwa na michoro ya majengo iliyofanywa kabla ya vita, nayo ilikuwa imefichwa isiharibiwe. Tena walikuwa na picha za Bernardo Bellotto, mchoraji aliyezichora barabara za mji huo katika karne ya 18. Wakaokota matofali katika vifusi, wakayatumia tena. Jumba la kifalme lilingoja zaidi. Kazi yake ilianza mwaka 1971 kwa michango ya wananchi, na mwaka 1984 wageni wakafunguliwa mlango. Mwaka 1980 Mji huo wa Kale uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya mahali pa thamani duniani.

Wapenzi, mnamkumbuka Nehemia? Adui zake walicheka walipoona Wayahudi wakitaka kujenga kwa mawe yaliyokwisha kuungua. Nehemia hakubishana nao. Aliomba, akaweka walinzi, na kazi ikaendelea.

Siku ya pili tupande treni mpaka Wrocław, mji wa mto na madaraja mengi, ambako Dietrich Bonhoeffer, yule mchungaji aliyeuawa na watu wa Hitler mwaka 1945, alizaliwa mwaka 1906. Kutoka hapo ni kama kilometa 50 tu kufika mji mdogo wa Świdnica. Hapo pana kanisa ambalo kila Mprotestanti angefurahi kuliona.

Vita vya Miaka Thelathini vilipokwisha mwaka 1648, Walutheri wa sehemu hiyo walikuwa wamenyang'anywa makanisa yao. Kaisari, aliyekuwa Mkatoliki, aliwaruhusu kujenga makanisa matatu tu, tena kwa masharti magumu. Yajengwe nje ya ukuta wa mji. Yasiwe ya mawe wala matofali, bali ya miti, udongo, mchanga na majani makavu. Yasiwe na mnara wala kengele. Tena yamalizike katika muda wa mwaka mmoja. Nadhani walioweka masharti hayo walitazamia kwamba nyumba za namna hiyo hazitadumu.

Ninyi mliokulia katika nyumba ya kukandikwa mnaelewa kazi hiyo kuliko wasomi wengi. Husimamishwa miti, hufungwa fito, kisha udongo uliokandwa hujaza nafasi. Walutheri wa Świdnica walianza mwaka 1656, na mwaka 1657 walikuwa wakiabudu ndani. Nalo si kibanda, ndugu zangu. Lina roshani juu ya roshani, na nafasi ya watu wapatao 7,500. Kati ya yale makanisa matatu, moja liliungua mwaka 1758. Mawili, la Świdnica na la Jawor, yangali yamesimama, na watu wanaabudu humo. Huitwa Makanisa ya Amani.

Lakini habari haijaisha. Mwaka 1945 sehemu hiyo, iliyokuwa ya Ujerumani, ilipewa Polandi. Wajerumani waliokuwa wakiabudu humo wakalazimishwa kuhama. Wakaletwa Wapolandi, ambao wengi wao pia walikuwa wamefukuzwa makwao upande wa mashariki. Waliofukuzwa wakalala katika nyumba za waliofukuzwa! Jengo lilisalia, lakini chuki nayo ilisalia. Matofali yanaweza kuokotwa na kusafishwa. Je, moyo wa mtu aliyenyang'anywa shamba na nyumba utasafishwaje?

Kwa hiyo siku ya tatu twende Krzyżowa, kijiji kilicho karibu na Świdnica. Hapo ndipo nyumbani kwa Helmuth James von Moltke, Mjerumani Mkristo aliyekusanya rafiki zake kwa siri, wakati vita vikiendelea, ili wapange namna ya kuijenga Ujerumani ya haki baada ya Hitler. Aliuawa Januari 1945. Na katika mahali hapo, tarehe 12 Novemba 1989, waziri mkuu wa Polandi, Tadeusz Mazowiecki, na mkuu wa serikali ya Ujerumani Magharibi, Helmut Kohl, walihudhuria ibada pamoja, wakakumbatiana kwa salamu ya amani. Miaka 44 ilikuwa imepita tangu vita kwisha. Leo vijana wa mataifa mbalimbali hukutana katika kijiji hicho wapate kujuana.

Msikilizaji mpenzi, labda na wewe una kifusi chako. Huenda ni ndoa iliyovunjika, au ndugu msiosalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Huenda ulifukuzwa mahali ulipozaliwa, na kila ukipaona moyo unawaka. Mimi sitakuambia usahau. Watu wa Warsaw hawakusahau; kama wangesahau, wasingejua wajenge nini. Wala sitakuambia kwamba uliyotendewa ni jambo dogo.

Nakuambia hivi: usingoje mawe ya kuchongwa. Anza na udongo ulio nao. Kama huwezi kukumbatia, salimu. Kama huwezi kusalimu, mtaje mtu huyo katika maombi yako usiku huu, hata kwa jina tu. Hiyo ni miti na majani makavu, lakini Mungu amekwisha kusimamisha kwa vitu hivyo nyumba iliyodumu zaidi ya miaka 360. Mtume Paulo awaambia Waefeso kwamba Kristo mwenyewe ndiye amani yetu, naye amekibomoa kile kiambaza kilichotutenga. Basi, kile alichokibomoa Yeye tusikijenge tena sisi.

Na tuombe. Baba, wewe wajua yaliyobomoka kwetu na aliyeyabomoa. Utupe uvumilivu wa kuokota tofali moja leo, na neema ya kumkaribisha adui yetu ndani ya nyumba tutakayoijenga. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.