MAZUNGUMZO: HASIRA ZA KIONGOZI NA USALAMA WA MGONJWA



Mkoa wa Songwe, Tanzania Bara, uliundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na hospitali yake ya rufaa ipo Hasamba, Vwawa. Mganga Mfawidhi wa hospitali ya namna hiyo, kama mwenzake wa Unguja au Pemba, huongoza madaktari, wauguzi, wafamasia na wahasibu, na huwapokea jamaa wa wagonjwa wenye uchungu. Elimu ya tiba peke yake haimtoshi.

Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu ya akili ya hisia, yaani uwezo wa kutambua na kuongoza hisia za nafsi na za wengine. Wazee wetu waliuita busara.

Faida yake kazini si tabasamu. Mwaka 1996 Amy Edmondson alichapisha uchunguzi wa wodi nane za hospitali mbili za Marekani. Wodi zenye viongozi wasikivu ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi ya dawa! Sababu aliyoieleza ni kwamba wauguzi wa huko hawakuogopa kuyataja. Penye kiongozi wa kufoka kosa hufichwa, na anayelipa ni mgonjwa, asiye na habari.

Basi muuguzi aliyezidisha dozi usiku asikaripiwe wodini. Iulizwe kwanza hali ya mgonjwa, kisha idadi ya wauguzi waliokuwa zamuni. Adhabu, ikistahili, ina kikao chake. Wala upole usiwe uzembe: orodha ya zamu ibandikwe mapema, na malalamiko yajibiwe kwa maandishi.