Nasaha ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai



Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Vijana wa Unguja na Pemba, wakiwa askari wa Jeshi la Wananchi, walikwenda vitani pamoja na ndugu zao wa Bara, hata Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Mamia ya mashujaa wa vita hivyo wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Si rahisi kwa mzee wa Makunduchi au Wete kwenda kuzuru kaburi huko. Basi kila familia iandike jina la marehemu wake na kuwasimulia watoto. Na kila mtumishi, ajiwapo na mjane wa shujaa ofisini, amhudumie kwa heshima bila ya kumzungusha.

Mwenyezi Mungu awarehemu.