Hesabu ya Bandari na Haki ya Mvuvi
(Hotuba iliyotolewa Mkomani, Lamu)



Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa mwaka 2012. Saruji na chuma vilihesabiwa. Hasara ya mvuvi ikaachwa nje. Lakini gharama isiyohesabiwa haifutiki, bali humwangukia asiyekuwapo mezani. Ghuba ya Manda ilipochimbwa ili meli kubwa zipite, aliyelipa ni mwenye mtumbwi na wavu, kwa samaki aliowakosa.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kumbe hasara yao yapimika! Mbona basi ipimwe baada ya kuchimba?

Tudai kiti mezani kabla mkataba haujatiwa sahihi. Kura pasipo kiti hicho ni nusu ya demokrasia.