TUKAJITAZAME KATIKA NYUMBA ZA MAKUMBUSHO

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa wanachama, Nairobi)



Mimi si mtu wa hotuba. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikashika spana. Nimeombwa nieleze jinsi nilivyotumia likizo yangu, maana wengine walicheka waliposikia ya kwamba sikwenda nyumbani, bali nilizunguka Nairobi hii hii nikitazama makumbusho kama mtalii.

Nianze na yale yaliyo yetu. Makumbusho ya Reli yalianzishwa mwaka 1971, siku za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Miaka kumi na mmoja nimepita karibu na lango lile asubuhi na jioni, wala sikuingia hata mara moja. Niliona ni mahali pa wageni wenye kamera. Aliyenitia aibu ni binti yangu wa miaka tisa, aliyeniuliza, "Baba, babu alikuwa akifanya kazi kwenye gari gani?" Marehemu baba yangu alikuwa fayamani wa injini za mvuke. Nikakosa kitu cha kumwonyesha.

Basi tukaenda. Uwanjani zimesimama injini za mvuke, na mojawapo ni namba 5918, jina lake Mount Gelai. Hiyo ni ya aina ya 59, zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki, uzito wake tani 252 hivi. Katika reli zenye upana wa mita moja, duniani kote hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Za mwisho zilipumzishwa mwaka 1980.

Binti yangu akapanda, akashika vyuma vile vya baridi, akauliza koleo la makaa liko wapi. Hapo nikakumbuka maneno ya baba. Alituambia mara nyingi ya kwamba hawakupakia makaa: injini zile zilichoma mafuta mazito, na fayamani alikaa mkono wake ukiwa kwenye vali, macho yake kwenye moshi. Moshi mweusi ni mafuta yanayopotea, na dreva atakukaripia. Moshi ukiwa mwembamba, moto unakwenda sawa. Nikamweleza mtoto haya yote. Wageni wawili nyuma yetu wakasimama kusikiliza, na ndugu zangu, siku ile nilijiona mtu mkubwa.

Halafu tukaliona lile behewa ambalo ndani yake simba alimwua Mzungu wa polisi, Charles Ryall, pale Kima, mwezi wa Juni 1900. Kila mtu hukimbilia hapo. Ni habari ya kutisha, siikatai. Lakini reli ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Wahindi kama 32,000 waliletwa kwa mkataba, na kama 2,500 wakafa, wengi kwa maradhi na ajali kuliko kwa simba. Jina la Ryall twalijua. Katika wale 2,500, nani kati yetu atanitajia hata kumi? Na Waafrika waliofyeka pori na kubeba mizigo, hao hata hawamo katika hesabu hiyo.

Siwalaumu walinzi wa makumbusho. Mtu huweka alicholetewa. Wakubwa walikuwa na picha zao na karatasi zao. Sisi tulipeleka nini? Taa ya baba yangu tuliiuza sisi wenyewe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwaka ule aliofariki, kwa bei ya kilo mbili za sukari. Karatasi zake za kazi tuliwashia jiko.

Ukitoka stesheni ukapanda mpaka Kenyatta Avenue utaikuta Kipande House, nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1913. Leo ni benki. Tunapanga foleni mle kutoa mshahara, nao babu zetu walipanga foleni pale pale kuandikwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kuwakamata watu baada ya Vita Kuu. Mwanamume Mwafrika alivaa shingoni kikopo cha chuma, ndani yake karatasi yenye alama za vidole, jina la tajiri wake na mshahara wake. Ukiacha kazi bila tajiri kutia sahihi, wewe ni mtoro.

Siku nyingine tulipanda matatu mpaka Karen, kwenye nyumba ya Karen Blixen, Mdenmaki aliyelima kahawa huko mpaka mwaka 1931. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1986. Wengine walitazama vyumba. Mimi nilikaa nje kwenye mashine kuukuu za shamba. Shamba lilipouzwa, watu waliokaa humo kwa kulipa kazi walihamishiwa upande wa Dagoretti. Huenda wajukuu wao ndio mnaobanana nao kwenye treni asubuhi.

Makumbusho ya Taifa nayapitia haraka, ila kwa mtu mmoja. Kamoya Kimeu alianza kama mchimbaji wa kibarua, hana digrii. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, jicho lake liliona kipande kidogo cha fuvu, na hapo yakachimbuliwa mifupa ya kijana wa miaka milioni moja na nusu hivi. Alifariki mwaka 2022. Wataalamu wamewapa wanyama wawili wa kale jina lake.

Ombi langu kwa tawi ni hili. Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa tatu asubuhi, tukutane kwenye lango la Makumbusho ya Reli, na watoto waje. Chukueni vitambulisho, maana bei ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni. Mwenye filimbi ya zamani, pasi, taa, au picha ya gengi ya njia asiiuze. Ampelekee katibu, aandike jina la mwenyewe na kazi yake, kisha twende pamoja kuwauliza walinzi kama watavipokea. Mimi sina cha kuleta, lakini nimenunua daftari, na habari ya vali na moshi nimekwisha kuiandika.