Kupangiwa Bila Kujibiwa: Wakazi wa Tanga na Mipango ya Mji Baada ya Viwanda



Mada niliyopewa katika semina hii ya siku mbili inahusu manung'uniko ya wakazi juu ya mipango ya halmashauri katika mji uliokuwa wa viwanda. Ningeweza kuizungumzia Morogoro, ambayo nayo iliwahi kuhesabiwa miongoni mwa miji ya viwanda. Nimeichagua Tanga kwa sababu historia yake inaonyesha waziwazi chanzo cha manung'uniko hayo. Hoja yangu naiweka mezani mapema: kinachowaudhi wakazi ni kutojibiwa. Mpango wenyewe wanautaka.

Anayesema watu wa Tanga hawapendi mipango miji aende Ngamiani. Mitaa ile ilichorwa tangu enzi ya Mjerumani, barabara zikanyoshwa na kupewa namba, na mpaka leo mtu akikuelekeza kwake anakutajia barabara ya ngapi. Vizazi kadhaa vimezaliwa, vimeoa na kuzikana ndani ya mchoro ule. Watu hao wanajua faida ya njia iliyonyooka inayopitisha jeneza, gari la zimamoto na maji ya mvua. Wanajua pia shida ya kuishi pasipo njia, kwa kuwa watoto wao waliokosa nafasi Ngamiani wamejenga pembezoni, mahali ambako mpimaji alifika nyumba zikiwa zimeshasimama. Tukianza semina hii kwa dhana kwamba mwananchi ni mkaidi wa kuelimishwa, tutamaliza siku mbili tukimwelimisha asiyehitaji.

Viwanda vilikuja bila baraza

Tanga ilikua kwa mkonge na reli. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ya kwenda Usambara ulianzia hapa. Miaka ya mwanzo ya 1960, Tanganyika ilipokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo na kuuza nje zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, bandari ya Tanga ilikuwa mlango wake mkuu. Nyuzi za plastiki zilipokuja, bei ya mkonge ikaanguka. Baada ya Azimio la Arusha, Serikali ikaupa mji riziki nyingine: viwanda vya mashirika ya umma. Kiwanda cha mbolea kilianza kazi mwaka 1972, kikitegemea malighafi iliyoshushwa na meli. Palikuwa na kiwanda cha chuma. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kikafuata mwaka 1980, nacho kipo mpaka leo.

Mwaka 1972 naomba tuutazame kwa makini, maana watu wengi wanaupita haraka. Ndio mwaka kiwanda cha mbolea kilipoanza, na ndio mwaka ulipoanza utaratibu ulioitwa Madaraka Mikoani, uliovunja mabaraza ya serikali za mitaa nchi nzima. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, sheria kamili ya mamlaka za miji ikatungwa mwaka 1982, na mabaraza yaliyochaguliwa yakaanza kazi mwaka 1984. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa, Tanga ilipokuwa ikigeuzwa mji wa viwanda, hapakuwa na diwani wa kuulizwa kiwanda kikae wapi, moshi wake uelekee wapi, maji yake machafu yamwagwe wapi. Uamuzi ulitoka mkoani na katika makao makuu ya mashirika, Dar es Salaam.

Hata hivyo, mkazi wa wakati ule alikuwa na pa kusemea. Kama alikuwa mfanyakazi, alikuwa na tawi la chama cha wafanyakazi, meneja aliyeonekana getini kila asubuhi, zahanati ya kiwanda na pengine nyumba ya kiwanda. Bomba likipasuka alijua mlango wa kubisha. Sisemi ule ulikuwa utawala bora. Mashirika yale yalikuwa na hasara na upendeleo wake. Nasema tu kwamba mtu alipouliza, palikuwa na anayewajibika kumjibu.

Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwaka 1991. Miaka ya 1990 ubinafsishaji ukapita katika mashirika yaliyobaki: mengine yakapata wenyewe, mengine yakageuzwa maghala, mengine yakabaki kuta. Halmashauri ikarithi watu waliopoteza kazi, barabara, mitaro na mitaa yao. Desturi ya kujibu haikuirithi, na wala haikuwahi kuwa nayo, kwa sababu yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imefufuliwa, na wakuu wake waliendelea kuwajibika juu zaidi kuliko chini. Mkurugenzi wa jiji mpaka leo huteuliwa na Rais. Diwani huchaguliwa na watu, lakini hana amri juu ya ofisa anayechora.

Orodha inayopanda na isiyorudi

Tunao utaratibu mzuri kwenye karatasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 halmashauri zimeagizwa kupanga kwa njia ya Fursa na Vikwazo vya Maendeleo. Wakazi wanakutana mtaani, wanataja vipaumbele vyao, orodha inakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, inakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani, na kutoka hapo inaanza safari ya mkoani na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa.

Orodha hiyo inapanda, ila haishuki. Ukomo wa bajeti unapowasili, wataalamu wanakata. Kukata si kosa, fedha haijawahi kutosha popote. Kosa ni kwamba mtaa ulioomba mtaro hauambiwi kuwa mtaro umekatwa, nani kaukata, na kwa sababu gani. Mwaka unaofuata mwenyekiti anaitisha mkutano tena, watu walewale wanataja mtaro uleule. Mwaka wa tatu mahudhurio yanapungua. Mwaka wa nne mwenyekiti anakusanya majirani zake na jamaa zake, akidi inatimia kwenye karatasi, na sisi tunaandika katika taarifa kwamba mwamko wa wananchi ni mdogo.

Jibu analopata mkazi akifuatilia mwenyewe tunalijua sote tuliokaa ofisini: "Limepokelewa, linafanyiwa kazi." Napenda tulione neno hilo kwa uzito wake. Mtu ameacha kibanda chake, amelipa nauli, amesubiri kwenye benchi, akaondoka na sentensi isiyo na tarehe wala jina la ofisa. Bora angeambiwa hapana. Hapana ina mahali pa kukatiwa rufaa.

Mwanakijiji ana nguvu kuliko mtu wa mji

Hapa ndipo penye kiini cha mada yangu, nami nitapakalia kidogo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwanakijiji wa kawaida, mwenye jembe na asiye na cheo, akinyoosha mkono mkutanoni anaweza kuzuia shamba la kijiji lisitolewe kwa mgeni. Zipo njia za kumzunguka, tumeziona, lakini sheria iko upande wake.

Mkutano mkuu wa mtaa hauna nguvu hiyo. Mtaa si mamlaka ya ardhi. Mwenyekiti wake hushuhudia mauziano na kuandika barua za utambulisho, lakini mchoro unapitishwa kwingine. Basi mji unapopanuka na kukimeza kijiji, na kijiji kikafutwa kuwa mtaa, wakazi wake wanalala wakiwa na sauti juu ya ardhi yao na kuamka wakiwa watazamaji. Mji wa Tanga ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na ndani ya mipaka yake zimo sehemu ambazo mtu ukifika unaona minazi, mikorosho na wavuvi kabla hujaona dalili yoyote ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 273,000. Ya 2022 zaidi ya 393,000. Ongezeko hilo linakaa wapi kama si katika maeneo hayo ya pembezoni?

Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, inaitaka mamlaka ya upangaji ikutane na wenye ardhi na wadau kabla ya kuandaa mpango. Kukutana na kukubaliana ni mambo mawili. Mara nyingi mkutano unaitishwa mchoro ukiwa umeshakamilika, umebandikwa ukutani kwa rangi, maelezo yake kwa Kiingereza, na mtaalamu ana fimbo mkononi. Watu wanaulizwa kama wana swali. Mama mmoja anauliza nyumba yake iko wapi kwenye ile picha, anaonyeshwa eneo la kijani. Ameingia kwenye bustani ya wazi.

Alama ya X na hela ya kiwanja

Hakuna kinachoharibu imani kama alama ya X ya ubomoaji ukutani isiyo na tarehe. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 iko wazi: fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya tathmini kuidhinishwa, ikichelewa izae riba, na tathmini ikipitisha miaka miwili bila malipo ifanywe upya. Wakazi wangapi wamesomewa hayo siku mthamini alipofika? Wanachoambiwa ni kutoendeleza eneo. Mwenye nyumba hapandi mnazi mpya, haezeki bati lililotoboka, hapangishi chumba kwa kuwa mpangaji naye ameiona X. Anaishi kwenye nyumba ambayo si yake na wala bado haijawa ya Serikali.

Urasimishaji wa makazi nao ulianza kwa matumaini makubwa. Kampuni binafsi za upimaji zikaingia mitaani, watu wakachangishwa, na Wizara ikalazimika kushusha kiwango cha mchango kutoka shilingi 250,000 hadi 150,000 kwa kiwanja baada ya malalamiko. Katika miji mingi wapo waliolipa, bikoni zikapandwa, na hati hawajaiona. Wakienda kwenye kampuni wanaelekezwa halmashauri. Wakienda halmashauri wanaambiwa mkataba ulikuwa baina ya kamati ya mtaa na kampuni.

Halafu kuna kodi ya majengo. Zamani ilikusanywa na halmashauri yenyewe, na mwenye nyumba aliweza kwenda na stakabadhi akauliza mbona taka hazizolewi. Baadaye ukusanyaji ukahamia Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kwa mkusanyaji ni wepesi mkubwa. Kwa mkazi, kamba iliyokuwa ikimfunga yeye na halmashauri yake imekatwa. Mara nyingi anayelipa ni mpangaji anayenunua umeme, na stakabadhi yake haimtaji diwani wala mtaa. Naona huu ni upungufu mkubwa kuliko fedha zenyewe, na sijasikia ukijadiliwa vya kutosha katika vikao vyetu.

Kwa nini sasa

Tanga inapewa nafasi ya pili. Bandarini, ambako meli zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa kwa matishari, sasa kuna gati la mita 450 na kina kimechimbwa hadi mita 13. Chongoleani, kata ya jiji hilohilo, jiwe la msingi la bomba la mafuta liliwekwa mwezi Agosti 2017, na bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Uganda. Malori, maghala, nyumba za wageni na wanunuzi wa viwanja vinafuata. Magofu ya viwanda yaliyokuwa hayana bei yatapata bei. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza kuvitwaa tena baadhi ya viwanda ambavyo wanunuzi walishindwa kuviendeleza. Ardhi ya namna hiyo, ikirudi mikononi mwa umma, wakazi wa mitaa inayoizunguka wana haki ya kusema iwe nini kabla haijatolewa. Wao ndio waliovuta moshi wake ilipokuwa ikifanya kazi, na ndio waliokosa mishahara iliponyamaza.

Napendekeza mambo machache ambayo halmashauri inaweza kuyafanya bila kusubiri sheria mpya. Kila kipaumbele cha mtaa kilichokatwa kwenye bajeti kirudishwe kwa barua yenye sababu, jina la ofisa na tarehe, isomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa na nakala ibaki ofisini kwa mtendaji. Mchoro wa awali ubandikwe ofisi ya mtaa kwa Kiswahili, ukionyesha vitu ambavyo watu wanavitambua: msikiti, kanisa, kisima, shule, mbuyu. Ubandikwe wakati bado unafutika. Wanaoendesha baiskeli, nao Tanga ni wengi, waulizwe njia zao kabla barabara haijapimwa. Ombi lolote la kubadili matumizi ya eneo la kiwanda cha zamani litangazwe mtaani hapohapo, mbali na gazeti. Na siku ya tathmini, kabla mthamini hajagusa ukuta, mwenye nyumba akabidhiwe karatasi moja inayotaja miezi sita, riba na miaka miwili, na aitie sahihi kwamba ameielewa.

Barua za kwanza zinaweza kuandikwa katika bajeti hii inayoandaliwa. Ningefurahi kama katika majadiliano waheshimiwa madiwani wangetueleza ni kata gani iko tayari kuanza, na maofisa mipango watueleze wanahitaji nini ili waweze kuzitia sahihi.